Mizani ya Karani Semeni

Haya niyasemayo yalitokea Sarambo, nchi isiyokuwa mbali wala karibu. Msomaji akihisi kwamba amewahi kuishi huko, hiyo ni juu yake. Mimi sikumtaja mtu.

Sarambo ilikuwa nchi ya sheria. Zilikuwa nyingi hata zikajengewa nyumba yao yenye bati jipya, na walinzi wawili mlangoni. Lakini tangu wakoloni wafunge virago, hakuna sheria hata moja iliyoandikwa. Wakoloni waliacha sheria saba kabatini, na Wasarambo ni watu wasiopenda kutupa kitu kizima. Kila walipotaka sheria mpya walichukua mojawapo ya zile saba, wakafuta jina na kuandika jingine. Sheria ya ndoa ilitokana na sheria ya vivuko, ndiyo maana mpaka leo bibi harusi wa Sarambo huvaa boya kifuani, na ukiuliza utaambiwa kwa uso mkavu kwamba ni mila ya mababu. Sheria ya shule za msingi ilitokana na sheria ya magereza, na hapo hakuna aliyeona tofauti yoyote.

Bungeni kazi ilikuwa nyepesi. Mswada hausomwi kwa macho, macho ya waheshimiwa yana kazi nyingine. Mpambe wa Bunge huunyanyua juu, wabunge wakapiga meza kwa viganja. Anaunyanyua tena, wanapiga tena. Ukinyanyuliwa mara ya tatu umekuwa sheria, na kwenye kumbukumbu huandikwa: "Mswada ulisomwa kwa kina."

Basi siku moja, Jumanne, wakaja wageni kutoka ng'ambo, watu wa kuulizauliza. Wakamuuliza Spika, Mheshimiwa Daktari Injinia Kassian Magoma, nani hasa anawaandikia sheria zao.

Spika hakupepesa. "Tuna makarani wa sheria," akasema. "Vijana kumi na wawili, wametoka chuo cha sheria juzijuzi, moto wa kuotea mbali!"

"Tungependa kuwaona," wageni wakasema. "Alhamisi hivi?"

"Hata leo, ila leo wanasoma."

Wageni walipotoka tu, Spika akamwita Katibu wa Bunge, Bwana Tawfiki Karagosi, akamwambia kufikia Alhamisi Bunge liwe na makarani kumi na wawili na sheria ya kuwaweka. Karagosi akakimbilia kabatini. Mkono wake ukaangukia Sheria ya Kunenepesha Ndama. Akafikiri kidogo, akaona ndama ni mdogo na karani naye ni mdogo, tofauti iko wapi? Akafuta "ndama" akaandika "karani", mara sabini na nne, hakuruka hata mahali pamoja. Jumatano ikanyanyuliwa mara tatu, na meza zikapigwa hadi glasi zikamwaga maji.

*

Semeni Ngwali alikuwa wa kwanza darasani mwake, na kwa muda wa mwaka mzima hilo halikumfaa kitu. Alishinda kwenye ngazi za mahakama pamoja na wenzake, joho mkononi, wakingoja mtu yeyote mwenye kesi yoyote. Redio iliposema Bunge linataka vijana wa sheria, Semeni alikimbia mpaka kiatu kimoja kikabaki njiani. Akawa karani namba saba.

Siku ya kuapishwa, Alhamisi ile, walipelekwa nyuma ya Bunge. Kulikuwa na shimo refu la saruji lililojaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, yananuka dawa ya kupe.

"Ingieni kwa mstari," akasema Katibu. "Mpaka shingoni. Kichwa kizame mara moja."

"Na majoho yetu?"

"Na majoho."

Wakaingia. Wageni wa ng'ambo wakapiga makofi na kuandika kwenye vidaftari vyao kwamba utamaduni wa Sarambo unavutia sana. Upande wa pili makarani walivishwa hereni ya plastiki ya manjano sikio la kushoto, na ya Semeni ilikuwa na namba saba. Wenzake walifurahi. Walidhani ndiyo cheo.

Semeni alikuwa na ugonjwa mmoja uliomsumbua tangu utotoni: akipewa karatasi, anaisoma. Kesho yake, macho bado yanamwasha, alilitafuta faili la sheria ya makarani akalifungua. Akasoma kifungu cha pili, karani ataogeshwa kwenye josho kila Alhamisi. Akasoma cha sita, karani hatatoka wilayani bila kibali, na akikutwa njiani atarudishwa kwa kamba. Akaanza kucheka. Alipofika kifungu cha kumi na nne kicheko kikakatika.

"Karani ambaye kwa vipimo vitatu mfululizo atakuwa amepungua uzito, ataondolewa kundini na kuchinjwa kwenye machinjio ya manispaa, mbele ya Afisa Mifugo, na atagongwa muhuri."

Cha kumi na tano kilisema karani atakayezidi kilo tisini atahesabiwa ameiva, naye atachinjwa siku hiyo hiyo bila kungoja vipimo. Lakini hicho hakikumhusu. Yeye alikuwa na kilo hamsini na nne na joho juu.

Alikimbia na faili hadi kwa Katibu. "Bwana Karagosi, hapa pana makosa!"

Karagosi akafunga mlango. "Shii! Makosa hayapo. Bunge limepitisha."

"Lakini hii ni sheria ya ndama!"

"Ilikuwa. Sasa ni yenu." Akashusha sauti. "Sikiliza, binti. Kuirekebisha kunawezekana. Kanuni ya Arobaini inasema anayetaka sheria irekebishwe asimame mbele ya Bunge aseme, 'Sikuisoma.' Akisema hivyo hoja imefunguliwa, wengine wanaweza kumuunga mkono bila madhara. Ila yeye aliyesimama wa kwanza amelidhalilisha Bunge, na kiti chake kimekwenda. Sasa niambie, nani atasimama?"

Semeni akalifunga faili.

"Basi wewe kula," akasema Karagosi. "Kula tu, mbona rahisi?"

*

Rahisi kwa Karagosi. Makarani wengine kumi na mmoja walipoelezwa walilia siku mbili, kisha wakaanza kula kama wanaokomoa mtu: ugali asubuhi, wali mchana, viazi katikati. Wawili walijaribu kutoroka. Walirudishwa jioni hiyo hiyo na askari, kamba shingoni, kama sheria isemavyo, wakatiwa tena joshoni. Tangu hapo hakuna aliyelitazama lango.

Semeni alitaka kula, tatizo lilikuwa woga. Tonge likifika kooni linakumbuka kifungu cha kumi na nne, linasimama. Usingizi ukamkimbia, sketi ikaanza kuzunguka kiunoni yenyewe.

Serikali ilikuwa imemleta Afisa Mifugo kuwatunza, kijana mpole aitwaye Chedieli, mwenye mizani ya kuning'iniza, kalamu, na roho nzuri isiyofaa kazi ile. Jumatano ya mwisho wa mwezi wa kwanza alimpima Semeni.

"Hamsini na mbili," akasema taratibu. "Dada Semeni, jana ulikula?"

"Nilikula."

"Ulikula nini?"

"Chai."

"Chai si chakula, dada!" Akatoa ndizi tatu mfukoni mwa koti lake la kazi. "Kula hapa hapa nikikuona."

Alikula, akazitapika nyuma ya josho. Mwezi wa pili mizani ikasoma hamsini. Chedieli aliandika namba ile kwa maandishi madogo sana, kana kwamba ingepita bila kuonekana. Haikupita. Kesho yake Semeni aliletewa barua mezani, yenye muhuri wa ofisi ya Katibu, iliyoandikwa kwa Meneja wa Machinjio ya Manispaa: "Tafadhali tutengee nafasi moja Jumatano ya mwisho wa mwezi ujao, saa nane mchana, kwa ajili ya karani namba saba, endapo kipimo cha tatu hakitaridhisha. Tunatanguliza shukrani." Chini yake: "Nakala: Mhusika."

Semeni aliisoma mara mbili. Alikuwa na miaka ishirini na mitano, jamani, na hakuwa amemkosea mtu.

Akaenda kwa Spika. Alimkuta akijaribu kiti kipya, akikizungusha kulia na kushoto.

"Mheshimiwa, naomba uhai wangu," Semeni akasema, na machozi yakamtoka bila kuyaita.

Spika akasimamisha kiti. Akavaa uso wa msiba, aliokuwa nao tayari. "Binti yangu, unadhani sioni uchungu? Naona. Lakini sheria haina jicho, haina sikio, haina tumbo. Leo tukisema huyu asichinjwe, kesho atakuja mwingine naye hataki. Nchi itakwenda wapi?"

"Mheshimiwa, ukisimama useme hukuisoma…"

"Mimi?" Kiti kililia. "Spika aseme hakusoma? Hapana. Lakini hutasahauliwa. Nimeagiza maktaba ya Bunge ipewe jina lako."

"Bunge halina maktaba, Mheshimiwa."

"Ndiyo maana jina litakaa bila usumbufu."

*

Kiti kilichokuwa karibu kabisa na meza ya makarani kilikuwa cha Bi Mwantumu Shaweji, mbunge wa Kitongoni. Alikirithi kwa marehemu mumewe miaka thelathini na moja iliyopita, na watu wa Kitongoni waliendelea kumrudisha kwa mazoea. Alikuwa mwembamba, mkimya, na mkoba mweusi mapajani. Bungeni alijulikana kwa jambo moja, kusahau miwani.

"Mwanangu, miwani nimeiacha nyumbani," humwambia Semeni kila kikao. "Hebu nisomee hii."

Na Semeni humsomea kwa sauti ya chini: matangazo, ratiba, orodha ya vitafunio. Siku ile ya barua, Bi Mwantumu alimtazama mikono.

"Na hiyo inayokutetemesha? Nisomee na hiyo."

"Hii si ya Bunge, bibi."

"Nisomee tu."

Akamsomea. Saa nane mchana, karani namba saba, tunatanguliza shukrani, nakala kwa mhusika. Bi Mwantumu akauliza mhusika ni nani, Semeni akashika hereni yake. Kisha akamweleza sheria ya makarani inavyosema.

"Na hiyo sheria ilipita wapi?"

"Hapa hapa, bibi."

"Haa." Akanyoosha mkono. "Nipe nakala yake."

Akaikunja mara nne, akaitia mkobani. Sambusa zilipoletwa hakuzigusa, na hilo lilimshangaza hata mhudumu.

*

Zilibaki siku tisa Karagosi alipomjia Semeni akisugua viganja.

"Karani namba saba! Waheshimiwa wanataka mswada wa haraka. Mswada wa Matunzo ya Waheshimiwa. Wanasema makarani wanatunzwa kuliko wao, wanaogeshwa, wanapimwa afya. Tunga."

"Nitunge?"

"Kutunga kwetu unakujua. Chukua sheria iliyo karibu, badili jina."

Semeni akavuta faili la makarani mezani. "Iliyo karibu, Bwana Karagosi, ni yetu."

"Ina matunzo?"

"Imejaa matunzo. Kuogeshwa, chanjo, malisho bora, kupimwa kila mwezi."

"Malisho bora!" Karagosi akameza mate. "Basi hiyo hiyo. Usiongeze wala usipunguze, wasije wakasema tumewapunja."

Hakuongeza wala hakupunguza. Alifuta "karani" akaandika "mbunge" mara sabini na tatu, na kila mara mkono ulikuwa mzito zaidi. Alipofika kifungu cha kumi na tano aliweka kalamu chini. Akawafikiria. Walikuwa walafi, wavivu, wenye kelele, lakini walikuwa watu, na wengine walikuwa na watoto wa umri wake. Aliona aibu. Kisha akaona hasira, maana yeye alikuwa amekaa miezi mitatu akihesabiwa kilo, na hakuna hata mmoja wao aliyeona aibu. Akafuta la sabini na nne.

Siku ya kunyanyua, Jumanne, kesho yake ikiwa siku ya kupimwa, kanuni ilimtaka karani asimame aseme: "Mswada uko tayari." Semeni akasimama. Sauti ilitoka nyembamba.

"Mheshimiwa Spika, mswada uko tayari. Na nawasihi waheshimiwa wausome."

Bunge zima likaangua kicheko. Mbunge mmoja alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, akapigwa mgongoni. "Karani ana utani huyu!" wakasema. "Tutamkosa!" Mpambe akaunyanyua mara moja, mara mbili, mara tatu, na meza hazijawahi kupigwa vile tangu uhuru. Alasiri hiyo Rais akatia sahihi, na sheria ikawekwa ianze kutumika kesho yake saa sita mchana.

Bi Mwantumu peke yake hakupiga. Viganja vyake vilikuwa vimelala juu ya mkoba.

*

Jumatano saa tatu asubuhi Chedieli aliingia ukumbini na mizani yake, boksi la hereni za manjano mia mbili na kumi na mbili, na bomba la sindano. Katika nchi ile nzima, mtu pekee mwingine aliyekuwa akisoma sheria ni yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyetumwa kuzitekeleza. Alikuwa amesoma hiyo mpya tangu alfajiri, na uso wake ulikuwa wa majivu.

Alianza na Semeni, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na miadi. Mizani ikasoma arobaini na nane. Chedieli akaandika, machozi yakadondokea kwenye namba.

"Pole, dada," akasema. "Pole sana."

Kisha akamgeukia Spika. "Mheshimiwa, tafadhali."

"Aa, matunzo yameanza!" Spika akapanda mizani kwa tabasamu, akitazama kamera. Kamba zikalia.

"Mia moja na kumi na nane," Chedieli akasoma. Akashusha macho. "Mheshimiwa… umeiva."

"Nimeiva nini?"

Chedieli akamsomea kifungu cha kumi na tano. Hakikuwa kirefu. Kilipokwisha ikazuka ghasia. Wakapanda mizani mmoja mmoja, wakisukumana, kila mtu akiamini yeye ni mwepesi. Mia moja na mbili. Tisini na saba. Mia moja na arobaini, na huyo wa mia na arobaini mizani ilimlalamikia waziwazi. Mia mbili na kumi na mmoja waliiva. Asiyeiva alikuwa mmoja tu, Bi Mwantumu Shaweji, kilo arobaini na sita, ambaye alishuka mizanini akarudi kitini kwake na mkoba wake.

Simu ya Karagosi ikalia. Ilikuwa machinjio. Meneja alikuwa amepata nakala ya sheria, akasema kwa heshima zote kwamba saa sita kamili ataanza, ila ana kulabu arobaini tu, waheshimiwa wengine watavumilia foleni.

Saa tano. Wengine walivua makoti wakaanza kukimbia kuzunguka ukumbi ili wapungue, jasho likitiririka juu ya zulia.

"Waheshimiwa," Semeni akasema kutoka mezani kwake, na hata yeye hakujua kwa nini bado anawasaidia, "mkipungua, cha kumi na nne kinawangoja."

Wakasimama pale pale, wakihema.

"Iko njia," akasema Karagosi. "Kanuni ya Arobaini. Sheria zote mbili ni karatasi moja, hoja moja inazifuta zote. Mmoja asimame."

Hakuna aliyesimama. Hakika, waliokuwa wamesimama wakaketi haraka. Mia mbili na kumi na mmoja wakakaa wakiangaliana, kila mtu akimngoja jirani yake, kila mtu akishikilia mikono ya kiti chake kana kwamba mtu anakuja kukichukua.

"Mheshimiwa Spika, si uanze wewe?" ikatoka sauti nyuma.

"Spika haanzi, Spika anaongoza! Anza wewe, wewe huna hata wizara."

"Mimi nina ufunguzi wa kisima wiki ijayo!"

Saa tano na nusu. Mmoja akapendekeza iundwe kamati ndogo ya kuchunguza nani asimame. Wakaunga mkono, ikaundwa, ikakaa, na mwenyekiti wake akatakiwa asimame kutoa taarifa, akakataa kusimama. Semeni aliitazama saa ya ukutani. Mshale mrefu ulikuwa ukipanda. Aliwaza: watakufa wote, nami nitakufa nao, kwa sababu ya viti. Viti vya ngozi bandia!

Zilibaki dakika saba. Kikasikika kiti kikisogezwa, karibu, upande wake wa kushoto.

Bi Mwantumu alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa Spika," akasema. "Sikuisoma."

Spika alishtuka, lakini utaratibu ulikuwa damuni mwake. "Mheshimiwa wa Kitongoni, kanuni inataka utaje. Hukuisoma ipi?"

"Zote."

"Zote kwa maana ya hizi mbili?"

"Zote za miaka thelathini na moja. Sijui kusoma." Akaushika mkoba kwa mikono miwili. "Kila siku nasema nimesahau miwani. Sina miwani. Sijawahi kuwa nayo. Nyinyi macho yenu yanaona na kusoma mnajua, mimi ndiye nisiyejua. Na huyu mtoto anayetakiwa machinjioni saa nane hakunikosea kitu. Nimesema."

Kisha ukumbi mzima ukaruka juu. "Naunga mkono! Naunga mkono!" Mia mbili na kumi na mmoja walikuwa wamesimama, wengine juu ya viti, na Mpambe akainyanyua hoja mara tatu kwa haraka mpaka akateguka bega. Saa sita kasoro dakika mbili sheria zote mbili zilikuwa zimefutwa. Chedieli akaichana karatasi yenye arobaini na nane, akaitafuna. Makarani wenzake wakamkumbatia Semeni.

Saa sita na dakika tatu Spika akarudi kitini, akarekebisha tai.

"Waheshimiwa, Bunge hili leo limedhalilishwa," akasema, na makofi yakalipuka. "Kukaa miongoni mwetu miaka yote hiyo mtu asiyesoma! Tungejuaje? Tumedanganywa!" Mmoja aliyekuwa akikimbia kwa jasho nusu saa iliyopita alisimama akazungumzia heshima ya mhimili kwa dakika ishirini. Kanuni ya Arobaini ikatumika. Bi Mwantumu akachukua mkoba wake, akapita katikati ya viti, na waliokuwa njiani wakavuta miguu yao ndani asiwaguse.

Mlangoni alimgeukia Semeni, akamwonyesha kwa kidole sikio la kushoto: toa.

Spika alikuwa bado anaongea. "Karani namba saba! Tunataka mswada kufikia Ijumaa, kwamba asiyejua kusoma asikanyage humu. Chukua sheria iliyo karibu, badili jina."

Semeni akaifungua hereni ya manjano. Ilimuuma, maana nyama ilikuwa imeanza kuizoea. Akaiweka juu ya meza ya Bunge mbele ya Spika, akatoka nje mchana kweupe bila kibali.

*

Kitongoni ni mbali kidogo. Semeni alifungua kiofisi huko cha kuandika mikataba na kutetea watu wenye kesi ndogondogo, na uzito wake siujui kwa sababu hakuna tena anayeuliza. Kila alasiri hupita barazani kwa Bi Mwantumu, na huko humkuta mwenye nyumba ameshakaa, kalamu ya risasi imechongwa, anangoja.

Semeni alimletea kitabu cha watoto chenye picha za paka na mpira. Bi Mwantumu alikikataa siku ya kwanza. Alifungua mkoba mweusi akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mimi nitajifunzia hii," akasema.

Ilichukua miezi mitano. Herufi ziligoma, kisha zikalegea moja moja. Alasiri moja alifika kifungu cha kumi na nne, na Semeni akamtaka akiruke, akasema hicho ni kigumu. Bibi akausukuma mkono wake kando. Akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akaanza.

"Ka-ra-ni… amba-ye… kwa vi-pi-mo… vi-ta-tu…"

Alikwenda nacho polepole mpaka mwisho, mpaka kwenye muhuri na nukta. Kisha akarudi katikati, kidole kikasimama kwenye neno moja, akalisoma tena peke yake, kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Hii nilikuwapo inapita," akasema.

"Ulikuwapo, bibi."

"Nikapiga meza?"

Semeni alitamani kusema hapana. "Mlipiga wote."

Bi Mwantumu akaiweka karatasi mapajani. Akavigeuza viganja vyake juu, akavitazama kwa muda kama mtu anayesoma.

"Vyote viwili," akasema. "Siku ile nilipiga kwa vyote viwili."